Kukosa Kulungu kwa Heshima: Mwongozo wa Kuchagua Kilalio cha Mshale

Kukosa mnyama si aibu. Aibu ni kukosa halafu huna wa kumtupia lawama. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na watu huucheka, kwa sababu jua hilo hilo limeuwakia mbaazi wa jirani nao umechanua. Wewe una bahati kuliko mbaazi. Uko Ohio, una kadi ya benki, na nje kidogo ya mji kuna duka la pinde lenye ukuta mzima wa visingizio, kila kimoja kwenye pakiti yake na bei yake.

Kisingizio bora kuliko vyote ni kilalio cha mshale. Ni kile kidude kinachofungwa juu kidogo ya mshikio wa upinde, mahali mshale unapolala kabla haujaruka. Kinaenea kiganjani. Lakini ukiondoa upote, ndicho kitu cha mwisho kuugusa mshale, kwa hiyo lolote litakalotokea baadaye unaweza kukibebesha, nacho hakina mdomo wa kujitetea.

Wapo watakaokushauri uchague kilalio kinachoufaa upinde wako. Waitikie, wapite. Wewe chagua kinachoyafaa maelezo utakayotoa jioni.

1. Usikaribie mkono wako

Binadamu alipoanza kupiga mishale alikuwa na kilalio tayari, nacho ni mkono wake mwenyewe. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi bado wanautumia. Mshale unalala juu ya ngumi iliyoshika upinde, upote unavutwa, mshale unakwenda. Hakuna skrubu, hakuna kamba, hakuna pa kutia mafuta. Kwetu sisi huo ni mpango mbovu kabisa, maana Mhadzabe akikosa, amekosa yeye. Hawezi kusema kidole chake cha shahada kililegea nati.

Marekani nayo imeipitia hatari hiyo. Mwaka 1911 huko California alijitokeza mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyekuja kuitwa Ishi, na daktari mmoja, Saxton Pope, akajifunza upinde kwake. Leo klabu kubwa inayotunza rekodi za wawindaji wa upinde, iliyoanzishwa mwaka 1961, imebeba jina la Pope na la mwenzake Art Young. Mwaka 1925 wawili hao walifika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, wala hawakuwa na kilalio cha dukani. Ila hawakuwa wajinga. Walifuatana na mwandishi Stewart Edward White, na White alikuja na bunduki. Bunduki nyuma ya mgongo humtuliza sana mpiga mishale, lakini kwa kulungu wa Ohio utaonekana umezidisha.

2. Nunua upinde wenye watuhumiwa wengi

Mwaka 1969 Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza ya upinde wenye kapi kwenye ncha zake, na heshima ya wawindaji wengi ikaokoka. Faida inayotangazwa ni kwamba ukivuta upinde wa kilo 27, kapi zikishageuka unabaki umeshika kilo tano au sita tu, hivyo unaweza kutulia ukimsubiri mnyama ageuze ubavu. Faida isiyotangazwa ni wingi wa vipande. Upinde wa mti ukikosa, watuhumiwa ni watatu, na wawili kati yao ni fimbo na uzi. Upinde wa kapi una kapi, nyaya, ekseli, kilengeo, kifyatulio cha kifundoni, na hicho kilalio chetu. Uchunguzi wa kesi kama hiyo unaweza kuchukua msimu mzima.

3. Dukani, kaa kama mtu aliyekwisha kuua

Nenda Jumamosi asubuhi, saa ambayo wazee wenye kofia za madoadoa ya majani wamejaa kwenye benchi wakinywa kahawa. Usielekee kwenye vitu vya bei nafuu. Chukua kilalio ghali kuliko vyote, kigeuze, kichungulie kwa chini kana kwamba kuna kitu unakitafuta, kisha kirudishe taratibu, bila neno. Guna kidogo ukiweza.

Fundi atakuja. Muulize swali moja tu: hiki kinavutwa na waya au na bawa? Mbawa ni zile fito mbili za upinde, ya juu na ya chini. Huna haja ya kujua zaidi ya hapo. Umemfungulia bomba, naye atamwaga kwa nusu saa, na wazee wa kwenye benchi watakuona unatikisa kichwa mahali panapostahili.

Usiulize bei. Bei unaijua: cha brashi ni dola 50 hivi, kile cha kifahari kinachoanguka chenyewe kinafika dola 200 na ushee. Ile 150 ya katikati si ya shabaha. Kwa mita 20, ambazo ndizo utakazokosea, vyote viwili vinapiga vizuri kuliko wewe. Unachonunua ni uzito wa maelezo. Aliyekosa na kilalio cha dola 50 amekosa. Aliyekosa na cha dola 200 amepatwa na hitilafu ya kiufundi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli tupu, nawe hukuja kulima. Chagua.

Ushauri wa pembeni kwa wenye haraka: vilalio vingi vina mkono, vya watu wa kulia na vya watu wa kushoto, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Nunua kisicho chako. Vilevile, baadhi ya pinde mpya zina reli iliyochongwa nyuma ya mshikio, inayopokea vilalio vilivyotengenezwa kwa ajili ya reli hiyo, wakati pinde za zamani zinafunga kwa boliti ubavuni. Usimwambie fundi upinde wako ni wa toleo gani. Kosa hilo utaligundua mezani kwako jioni ya kuamkia msimu, na litakupa wiki nzima ya kulala vizuri hadi saa mbili asubuhi bila mtu kukushuku.

Nyumbani utaulizwa. Jiandae.

"Baba Zawadi, hiki kikorokoro ndicho kilichokula hela ya matairi?"

"Hicho? Dola 50 tu, mama. Tena kilikuwa na punguzo."

Risiti ichane njiani. Mifuko hukaguliwa siku ya kufua.

4. Sasa chagua kisingizio chenyewe

Hapa usiharakishe. Kila aina ya kilalio ina tabia yake ya kukuangusha, na tabia hiyo utaishi nayo.

*Kipande cha zulia au ngozi.* Hiki ni cha watu wenye ndevu. Kinabandikwa kwenye ukingo uliochongwa ubavuni mwa upinde wa mbao, na mshale unalala papo hapo. Kinataka manyoya halisi, ya bata mzinga, kwa sababu yanajilaza yanapopita kwenye ukingo. Ya plastiki hayajilazi. Yanagonga, na mkia wa mshale unatupwa kando. Kisingizio chake si cha kiufundi, ni cha kiroho: "Mimi nawinda kama walivyowinda wazee." Ukishatamka hivyo hakuna anayetegemea urudi na nyama. Kingekuwa chaguo langu la kwanza, ila kinadai uwe umetulia moyoni, na mtu aliyetulia moyoni hahitaji mwongozo huu.

*Kidude cha plastiki cha kubandika.* Kina gundi. Siku ya siku kinabanduka. Tuendelee.

*Uma.* Ni vidole viwili vya chuma vyenye springi, mshale unakaa katikati yao kwa hisani tu. Hakuna kinachoushika. Wanaopiga kwenye uwanja tambarare wanaupenda, maana hauugusi mshale sana. Wewe utaupenda kwa sababu nyingine. Uko ulingoni, umefungwa mkanda kwenye shina la mwaloni, mita tano kutoka chini. Ni Novemba, saa moja asubuhi, majani yana umande ulioganda. Dume anakuja, pua chini, anafuata harufu ya jike. Unavuta. Mkono unatikisika kidogo, kwa sababu ya baridi bila shaka, na mshale unateleza kutoka kwenye uma na kuugonga mshikio wa alumini. Ting'! Dume ananyanyua kichwa, na masikio yote mawili yanakutazama. Ukijaribu kuurudisha mshale kwa kidole huku umevuta kilo 27, utapata la kusimulia mpaka wajukuu. Wenye busara hubandika kitambaa laini kwenye kila chuma ambacho mshale unaweza kukigusa, ili ukianguka usilie. Kitambaa hicho kinauzwa dola chache. Usinunue.

*Brashi.* Hiki kinajulikana zaidi kwa jina la Whisker Biscuit. Ni duara lililojaa nywele ngumu, na tundu la mshale katikati. Unaupitishia mshale kwenye upenyo, unakaa. Ugeuze upinde juu chini, upande nao mtini, utambae nao kwenye mahindi, mshale hautoki. Hakuna kamba, hakuna kinachosogea, hakuna cha kuharibika kirahisi. Kwa kifupi, ni hatari. Kinamnyang'anya mtu karibu kila utetezi.

Ukikuta umekwisha kukinunua, usikate tamaa. Manyoya ya mshale yanapita katikati ya zile nywele, kwa hiyo unaweza kusema kinakula kasi. Kinakula kweli: futi chache kwa sekunde, kutoka kwenye mshale unaokwenda futi 280 au 300. Kulungu hawezi kuhisi tofauti hiyo, lakini kulungu hatakuwepo kwenye mazungumzo. Unaweza pia kusema kimeyakunja manyoya, na hili lina ushahidi. Baada ya mazoezi marefu manyoya ya plastiki hujikunja mawimbi, hasa yakiwa laini, nawe utayapitisha mkono kwa mkono watu wayaone. Na mvua ya barafu ikinyesha, nywele zinaganda. Omba mvua ya barafu.

Tukibaki wawili tu: kijana wangu akitaka kuanza kuwinda kwa upinde, nitamnunulia hiki na kumwambia aache maneno. Lakini yeye ni kijana, hana jina la kulinda.

*Kinachoanguka.* Sasa tumefika ikulu. Kilalio hiki kina mkono mdogo unaoubeba mshale, na ukishaachia, mkono huo unaanguka chini haraka ili manyoya yapite bila kugusa kitu. Wazo ni zuri sana, na linafanya kazi vizuri sana, mradi kila kitu kiwe sawa. Hapo kwenye "kila kitu" ndipo unapoishi wewe.

Kiangalie kwa karibu. Kuna uzi mwembamba unaotoka kwenye kilalio. Katika aina moja unafungwa kwenye waya wa upinde. Ukivuta upinde, waya unashuka na kuvuta uzi, na mkono wa kilalio unasimama. Ukiachia, waya unarudi juu na mkono unaanguka. Katika aina nyingine uzi umefungwa kwenye bawa, na kazi inakwenda kinyume. Upinde ukiwa umetulia uzi umekaza na kuulaza mkono chini. Ukivuta, bawa linajikunja, uzi unalegea, na springi inauinua mkono. Ukiachia, bawa linanyooka na kuuvuta chini kwa nguvu. Vyovyote iwavyo, kati ya mshale wako wa dola 15 na ubavu wa kulungu kuna fundo. Fundo ulilofunga wewe.

Sasa hesabu mali zako. Fundo likiteleza nusu sentimita, mkono unasimama kwa kuchelewa au hausimami wote. Ukichelewa kuanguka, manyoya yanaupiga na mshale unaondoka ukitikisa mkia. Uzi mpya unaweza kutanuka. Springi inaweza kuchoka, tope likaingia, umande ukaganda. Aina nyingine zinataka uinue mkono kwa kidole gumba kabla ya kuvuta, na kusahau ni haki ya kila binadamu. Nimemsikia mzee akieleza fundo lake kwa dakika 40 kwenye banda la kuegesha magari, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza alikuwa umbali gani. Mita 12.

Kuna njia ya kujua kama manyoya yanagusa. Unaupulizia mkia wa mshale poda ya miguu, ile ya kopo, unapiga mshale mmoja, kisha unatazama poda imefutika wapi. Inachukua dakika tatu na inamaliza ubishi wote. Sitaki kusikia unayo poda hiyo.

5. Kifunge mwenyewe

Fundi atajitolea kukufungia bure. Mkatalie kwa tabasamu. Akikifunga yeye, ameondoa nusu ya hazina.

Kifungie jikoni, kwenye meza ya chakula, usiku, kwa alenki uliyopewa na kabati la kujiunganishia. Kuna vipimo vinavyojulikana. Katikati ya mshale huwa kama milimita 20 kutoka ukuta wa mshikio, na kwa kimo mshale unapaswa kupita usawa wa tundu la boliti, ukiwa na pembe mraba na upote. Hayo ni maneno ya wenye rula. Wewe funga jicho moja, sema "hapo hapo," kaza. Skrubu moja iache bila kukazwa sana. Usikumbuke ni ipi.

Vilalio ghali vina vitasa vya kusogeza kidogo kidogo, na mistari midogo iliyochorwa kama ya saa ya mkono. Zungusha kitasa kimoja mibofyo miwili kila anapopita mtu. Usiandike ulipoanzia.

6. Karatasi, na namna ya kuishi nayo

Wanaojua hutandaza karatasi kwenye fremu, wanasimama kama mita mbili, wanapiga mshale upenye. Tundu linasema yote. Ncha na manyoya vikipita mahali pamoja, tundu ni duara lenye mikato mitatu midogo, na mambo ni shwari. Mkia ukipasua juu ya ncha, ama kilalio kiko chini mno ama mahali unaposhikiza mshale kwenye upote pako juu mno, nao husogeza milimita moja, hawazidishi, na kupiga tena. Ukipasua kando, husogeza kando.

Usiipinge karatasi hadharani, utaonekana mshamba. Ikubali, kisha ifanyie hila. Chukua mshale, utoboe karatasi kwa mkono, taratibu, ukiuzungusha kidogo ili manyoya yaache alama safi. Piga picha. Picha hiyo itakutumikia miaka. Mtu akikuuliza upinde umeupima, mwonyeshe simu na unyamaze. Kama ni lazima upige mbele za watu na tundu likatoka refu kama mdomo wa bahasha, usishtuke. Kodoa, sogea karibu, gusa mpasuko, na useme: "Nilijua. Ni kilalio."

7. Kigumba kipya siku ya kazi

Hii ni siri ambayo wauzaji wangependa ikae kabatini. Umefanya mazoezi mwaka mzima na vigumba vya mazoezi, vile butu vya mviringo. Vya kuwindia vina makali mapana, na makali yasiyokunjika ni mabawa, yanakamata upepo mbele ya mshale. Kama kilalio kimekaa vibaya hata kidogo, manyoya ya nyuma yanavuta huku, makali ya mbele yanavuta kule. Upinde uliokuwa ukipiga kopo la soda kwa mita 30 unaanza kupiga jirani ya kopo, na kila mshale unakosea upande ule ule. Mwenye subira hupiga aina zote mbili kwenye shabaha moja, na kusogeza kilalio mpaka zikutane.

Wewe badilisha vigumba asubuhi ya msimu, garini, kwa mwanga wa simu.

Lakini hapa nikuweke sawa, na sirudii. Kukosa kwa heshima ni kukosa kabisa. Mshale upite juu ya mgongo, uingie kwenye majani, mnyama aende zake mzima. Kumjeruhi tumboni na kumpoteza kwenye mtama si kukosa, wala hakuna kilalio cha kuubeba uchafu huo, hata cha dola 200. Kama hujajipima na huna hakika, shusha upinde. Kuna sentensi nzuri kwa ajili hiyo, iko hatua ya tisa.

8. Sauti nayo ni ndugu yako

Kama umekosa na kilalio hakina doa, bado hujashindwa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na mshale wako, hata uwe wa upinde mkali, ni mita 90 hivi. Kulungu aliye mita 25 anasikia upinde muda mrefu kabla mshale haujafika, kwa hesabu za kulungu. Anakunja miguu apate kuruka, kifua kinashuka, na mshale unapita mahali mgongo ulipokuwa. Jambo hili ni la kweli, limepigwa picha mara nyingi, na linafaa kutumiwa na waongo pia.

Hapo turudi kwetu: kilalio gani kina kelele? Uma unalia. Brashi inakwaruza kidogo unapovuta. Kinachoanguka kinaweza kutoa "tak" kikigonga kituo chake, hasa ukichana ule mpira mdogo wa kuzuia sauti. Uchane.

9. Kusimulia

Usianze wewe. Ngoja uulizwe. Kaa, vua buti moja, vuta pumzi. Weka upinde mezani, kilalio kikiwaelekea wao. Kiguse kwa kidole, kichezeshe mara mbili bila kusema. Wote watainama kutazama, na mtu mzima akishainama kutazama skrubu, mnyama amekwisha kusahaulika.

Umbali uongeze theluthi. Pembe pia. Jina la kampuni usilitaje kwa hasira, litaje kwa huruma, kwamba ni kampuni nzuri lakini toleo hili waliliharakisha. Akiwepo mtu anayekijua kilalio hicho, na huwa hakosekani, aliyekitumia miaka minane bila tatizo, usibishane naye. Mpe upinde. Mwambie: "Wewe hebu kiangalie." Ataona skrubu uliyoiacha legevu, atashangilia, na kuanzia hapo yeye ndiye shahidi wako.

Na ile sentensi niliyokuahidi, ya siku uliyoogopa kupiga: "Nilimwacha akue." Itamke ukitazama kando. Usiitumie kwa dume mwenye pembe kama matawi ya mti. Watu wamemwona kwenye kamera za porini na wanamjua kwa jina.

10. Ikitokea umepiga

Ajali hutokea. Unaachia, unasikia "pof", dume anarusha mateke ya nyuma, anakimbia, na baada ya hatua mia unasikia vichaka vikivunjika, halafu kimya. Mshale umepita nyuma ya bega na umechomeka ardhini upande wa pili, mwekundu hadi kwenye manyoya. Kaa ulingoni nusu saa kwanza, miguu yako haitakubeba.

Usiseme neno lolote kuhusu kifaa. Wakikuuliza unatumia kilalio gani, jibu hukumbuki, ni kile kilichokuja na upinde. Jaza kibali chako, msajili mnyama kama sheria inavyotaka, ita watu wawili wenye migongo mizima wakusaidie kuburuta, kwa sababu dume mkubwa ana kilo 80 na gari umeliacha ng'ambo ya kijito.

Picha ipigwe kabla hamjamburuta. Shika pembe, tabasamu kidogo tu, kama mtu aliyezoea. Upinde ulaze mbele, ila ugeuze, kilalio kiangalie chini kwenye majani. Utakihitaji mwakani.